Mwaka Mzima Jukwaani Kabla ya Santuri

Mwaka 1972 ilizuka Uingereza santuri ya bendi ya Pink Floyd ambayo wanabendi wenyewe hawakuitengeneza, hawakuulizwa, wala hawakupata senti moja kutokana nayo. Iliitwa The Best of Tour 72. Aliyeirekodi alikuwa mtu mmoja katikati ya watazamaji, amekaa na kinasa sauti chake katika ukumbi wa Rainbow, London, usiku wa tarehe 20 Februari. Inasemekana ziliuzwa zaidi ya nakala 100,000, na wengi walioinunua waliamini wamepata albamu mpya ya bendi yao. Hawakujua kwamba albamu yenyewe ilikuwa haijaanza kurekodiwa. Ingetoka Machi 1973 kwa jina la The Dark Side of the Moon, ikauzwa dunia nzima kuliko karibu albamu yoyote ya muziki wa roki.

Habari za albamu hiyo zimeandikwa mno, na waandishi wengi huanzia mlangoni mwa studio ya Abbey Road. Mimi naona huko ni kuchelewa. Bendi ilipoingia Abbey Road kuirekodi mwanzoni mwa Juni 1972, nyimbo zile zilikuwa zimeshapigwa Uingereza, Japani na Marekani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Zilikuwa zimeshaharibika jukwaani, zikatengenezwa, zikapata mwisho ambao mwanzoni hazikuwa nao. Ukitaka kujua kwa nini albamu ile imeshikamana kama kitu kimoja kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, inabidi uwafuate wale watu wanne barabarani katika baridi ya Januari.

Kwa wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam hili halina ugeni. Bendi ya NUTA Jazz, na baadaye Mlimani Park, walitunga wimbo, wakaufanyia mazoezi mchana, wakaupiga ukumbini usiku, na uso wa mchezaji ndio uliowaambia kama kibao kimekubalika. Kwenda Radio Tanzania kukirekodi kulikuja baadaye. Wasikilizaji wa redio mikoani walikuwa wa mwisho kuusikia wimbo ambao Kariakoo wameshauzoea.

Uingereza nako mambo yalianza hivyohivyo, mpaka studio ilipoanza kuvuta kila kitu upande wake. Tarehe 29 Agosti 1966 The Beatles walifanya onyesho lao la mwisho la kulipia, San Francisco, kisha wakajifungia Abbey Road. Albamu ya Sgt. Pepper, iliyotoka 1967, ilijaa sauti ambazo bendi ya watu wanne isingeweza kuzitoa jukwaani kwa vifaa vya wakati ule. Majira hayohayo, katika jengo hilohilo, vijana wa Pink Floyd walikuwa chumba cha jirani wakirekodi albamu yao ya kwanza chini ya uongozi wa mtunzi wao Syd Barrett. Kwa hiyo walijifunza kazi ya studio mapema, tena karibu kabisa na waliokuwa mabingwa wake. Lakini hawakuacha jukwaa, na miaka mitano baadaye walifanya jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kabla: walibeba albamu nzima ambayo haijarekodiwa na kuizungusha nchi nzima.

Barrett hakuwa nao tena. Akili yake iliyumba, na mwaka 1968 walimwacha. Gitaa lilishikwa na David Gilmour. Roger Waters alipiga besi, Richard Wright vinanda, Nick Mason dramu. Mwisho wa 1971 walikuwa wametoka kwenye ziara ya Marekani, albamu ya Meddle ipo madukani, na ziara ya Uingereza imeshapangwa kuanza Januari. Walikuwa wamechoka kurudia vibao vilevile. Wakakutana nyumbani kwa Mason, Camden, kaskazini mwa London, na Waters akatoa wazo: badala ya nyimbo zisizohusiana, watunge kazi moja ndefu juu ya mambo yanayomchosha mtu hadi akili kumtoka. Muda unaopita. Fedha. Safari zisizoisha. Kifo. Vita. Na wazimu wenyewe, ambao kwao haukuwa nadharia, kwa kuwa walimwona rafiki yao akipotelea humo.

Vipande walikuwa navyo. Wright alikuwa na utunzi wa piano alioutunga kwa ajili ya filamu ya Zabriskie Point ya Michelangelo Antonioni. Mwongozaji aliukataa, ukabaki kwenye akiba. Huo ndio uliogeuka Us and Them. Brain Damage ulikuwa umeanza kutungwa wakati wa Meddle. Mengine yalitungwa mazoezini, katika ghala la Bermondsey, kusini mwa mto Thames, lililokuwa mali ya The Rolling Stones.

Kitu kimoja cha maandalizi yale kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Waters alikuwa na chumba kidogo cha kurekodia bustanini kwake, na mkewe wa wakati ule alikuwa mfinyanzi. Kwa ajili ya wimbo wa Money, Waters alichukua bakuli kubwa ambalo mkewe alichanganyia udongo, akatupia sarafu ndani yake na kurekodi mlio. Akarekodi karatasi ikichanwa. Akaongeza mlio wa mashine ya fedha ya dukani, ile inayolia kengele droo inapofunguka. Kisha akashika rula na wembe, akapima vipande vya utepe sentimita kwa sentimita, maana kwenye utepe urefu ndio muda: kipande kirefu huchelewa, kifupi huwahi. Akaviunganisha saba, mwisho ukashikana na mwanzo, ukawa duara. Ukiuzungusha kwenye mashine unasikia mapigo saba, tena saba, tena saba, bila kukoma. Sehemu kubwa ya wimbo ikajengwa juu ya hesabu hiyo, na ndiyo maana mguu wa msikilizaji aliyezoea mapigo manne huteleza kidogo anapojaribu kuufuata. Utepe huo wa nyumbani ndio waliosafiri nao.

Walisafiri na vingine pia. Walikuwa na mitambo mipya ya sauti, na meza ya kuchanganyia yenye njia 28 iliyoweza kupeleka sauti kwenye pembe nne za ukumbi, ili mlio uzunguke nyuma ya vichwa vya watu. Walikuwa na taa zao wenyewe. Mzigo wote ulifika tani 9. Kazi yenyewe waliipa jina la The Dark Side of the Moon, yaani upande wa giza wa mwezi, pamoja na maelezo kwamba ni kipande kwa ajili ya vichaa wa namna mbalimbali.

Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 20 Januari 1972, ukumbi wa Dome mjini Brighton, pwani ya kusini. Taa zikazimwa, yakasikika mapigo ya moyo yaliyorekodiwa, na watu walioingia wakitegemea vibao vya zamani wakaanza kusikia muziki ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Walifika mpaka Money. Hapo mambo yakaharibika. Taa na sauti zilikuwa zikivuta umeme kutoka chanzo kimoja, kelele zikaingia kwenye spika, na utepe ukawatupa. Ukiwa na bendi inayofuata utepe, utepe ukipotea bendi nzima imepotea. Wakasimama. Waters akawaeleza watazamaji kwamba mitambo imegoma na kazi ile haiwezi kuendelea, na badala yake wakapiga Atom Heart Mother, utunzi wao wa 1970.

Hivyo onyesho la kwanza la The Dark Side of the Moon liliishia katikati. Kesho yake, Portsmouth, ndipo ilipopigwa kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Nakupa kisa cha Brighton kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha ujasiri ambao siku hizi ni nadra. Bendi kubwa, yenye jina, inapanda jukwaani na kazi isiyoiva, mitambo ambayo haijazoeleka na utepe uliokatwa kwa wembe, mbele ya ukumbi uliojaa, huku wanahabari wa magazeti ya muziki wakiandika. Ikianguka, imeanguka hadharani.

Tarehe 3 Februari walikuwa Coventry, katika ukumbi wa Locarno, kwenye tamasha la sanaa la wanafunzi. Aliyewatangulia jukwaani usiku ule alikuwa Chuck Berry, na kampuni yake ya santuri ilikuwa ikirekodi. Watu walikataa kutoka. Wasimamizi wakapanda kwenye maikrofoni kuwasihi waondoke ili Pink Floyd wafunge vyombo vyao, na watu wakazidi kuliimba jina la Chuck. Ubishi huo umo ndani ya albamu ya Berry iliyotoka mwaka uleule, na wimbo wake mmoja wa usiku ule, My Ding-a-Ling, ukashika namba moja Uingereza na Marekani. Hebu fikiri: usiku mmoja, jukwaa moja, mkongwe anapata kibao kikubwa kuliko vyote vya maisha yake kwa wimbo wa utani, na dakika chache baadaye vijana wanne wanapiga muziki ambao dunia ingeusubiri miezi 13 zaidi.

Siku mbili baadaye walikuwa Colston Hall, Bristol, na hapo lilitokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii. Katika maonyesho ya mwanzo kazi ilikuwa haina hitimisho. Brain Damage ulikwisha, muziki ukafifia, basi. Mezani London hakuna aliyeliona pengo hilo. Lilionekana usiku baada ya usiku, pale unapomaliza kupiga na kuhisi ukumbi bado unangoja. Waters alifika Bristol na karatasi mkononi, akawaambia wenzake kwamba ameandika mwisho. Huo ndio wimbo wa Eclipse, ule unaokusanya yote yaliyotangulia na kuyapandisha hadi kileleni kabla mapigo ya moyo hayajarudi. Msikilizaji wa leo hawezi kuiwazia albamu ile bila wimbo huo. Ulitungwa barabarani, kwa sababu kazi ilikuwa imeshasimama mbele ya watu na ikaonekana ina upungufu.

Ziara iliishia Rainbow, Finsbury Park, kwa usiku nne mfululizo, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Februari. Rainbow ilikuwa sinema ya zamani iliyogeuzwa ukumbi wa muziki, na kwa miaka michache ndiyo iliyokuwa kipimo cha bendi za London. Miaka miwili baadaye ingempokea kijana aliyezaliwa Unguja, Freddie Mercury, akiwa na Queen, na rekodi za maonyesho yao ya 1974 hapo zipo mpaka leo. Kwa Pink Floyd, maonyesho yale manne yalikuwa ya kujitambulisha rasmi kwa magazeti makubwa. Wahakiki walialikwa, wakaja, na wengi wao wakasifu.

Lakini miongoni mwa waliokaa kwenye viti, kama tulivyoona, alikuwamo mwenye kinasa sauti.

Biashara ya santuri za magendo ilikuwa bado changa. Santuri iliyoifungulia mlango katika muziki wa roki ilitokea Los Angeles mwaka 1969: nyimbo za Bob Dylan ambazo hazikuwa zimetolewa, ndani ya jalada jeupe tupu, ikaitwa Great White Wonder. Waliofuata walijifunza upesi. Unaingia ukumbini na mashine chini ya koti, unatoka na utepe, unampata mwenye kiwanda asiyeuliza maswali, na wiki chache baadaye santuri zinauzwa kwenye vibanda vya sokoni na maduka ya pembeni. Kwa wimbo ambao tayari uko madukani, santuri ya namna hiyo ni kumbukumbu tu ya mshabiki. Kwa wimbo ambao haujatolewa ni jambo jingine kabisa. Pale mwizi anamtangulia mwenye mali sokoni, akiuza kitu ambacho mwenyewe bado anakichonga.

Na alichouza hakikuwa kilekile tunachokijua. Ukisikiliza rekodi za mapema 1972, unakuta Time ukienda polepole, mzito, bila ukali ulioupata baadaye. Mahali pa On the Run pana kipande walichokiita The Travel Sequence, magitaa na vinanda vikikimbizana kwa haraka. Mapigo yake ni mazuri, lakini kwa sikio langu ni bendi inayojaza nafasi, ikisubiri wazo. Na mahali pa The Great Gig in the Sky pana The Mortality Sequence: Wright peke yake kwenye kinanda cha sauti ya kanisani, na juu yake sauti zilizorekodiwa za watu wakisoma Biblia na kusali, pamoja na hotuba za Malcolm Muggeridge, mwandishi wa habari aliyekuwa akijulikana kwa kuutetea Ukristo. Waliogopa kifo, na kwa mwaka mzima njia yao ya kusema hivyo ilikuwa kuazima maneno ya kanisa. Ilifaa kwa kiasi. Ilikuwa bado haijawauma wao wenyewe.

Hata jina liliwatoka. Bendi nyingine ya Uingereza, Medicine Head, ilitoa mwaka huohuo albamu yenye jina la Dark Side of the Moon, na Pink Floyd wakalazimika kuiita kazi yao Eclipse kwa muda. Albamu ya wenzao haikufanya vizuri sokoni, nao wakalirudia jina lao.

Mwaka ukaendelea kwa fujo ya kazi. Mara tu baada ya Rainbow walikwenda Ufaransa kurekodi muziki wa filamu, ukawa albamu ya Obscured by Clouds. Machi walikuwa Japani. Masika walikuwa Marekani, wakapiga Carnegie Hall, New York. Juni wakaingia Abbey Road, wakatoka, wakarudi Marekani, na tarehe 22 Septemba wakapiga kazi yote Hollywood Bowl chini ya anga la California. Oktoba wakarudi studio, wakatoka tena kwenda Ulaya. Studio na jukwaa vilikuwa vikibadilishana kazi: kilichogunduliwa chumbani kikajaribiwa ukumbini, kilichoshindikana ukumbini kikarudishwa chumbani.

Ndani ya Abbey Road walikuwa na mashine ya njia 16 na fundi kijana, Alan Parsons, aliyekuwa amewahi kufanya kazi za The Beatles. Utepe wa Money ulitengenezwa upya, mrefu kuliko ule wa bustanini, ukapitishwa kwenye stendi ya maikrofoni ili usilegee ukizunguka. Saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa Time alikuwa amezirekodi Parsons mwenyewe, moja moja, katika duka la vitu vya kale, kwa kazi nyingine tofauti. The Travel Sequence uliuawa na chombo kimoja: sinthesaiza ndogo iitwayo Synthi AKS, iliyotengenezwa na kampuni ya EMS ya Putney, London, ikiwa ndani ya mkoba wa kubebeka. Iliweza kukumbuka mfululizo wa noti. Wakaingiza noti nane polepole, wakaongeza kasi, na mara wakawa na mbio, hofu na uwanja wa ndege, mambo yote ambayo magitaa yalikuwa yakiyatafuta tangu Januari. Ni mwaka wa kupiga kipande kisichoridhisha ndio uliowafundisha wanatafuta nini. Bila mwaka huo chombo kile kingebaki mchezo wa watoto wa studio.

Kisha likabaki lile la kifo. Jumapili tarehe 21 Januari 1973, karibu mwaka mmoja kamili baada ya Brighton, Parsons alimwita mwimbaji Clare Torry. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kumpa. Walimweleza tu habari za kifo na kumpigia muziki wa Wright. Akajaribu kuimba kama anavyoimba siku zote, wakamkatalia. Ndipo akaamua kuifanya sauti yake kuwa chombo, kama gitaa: kilio, mlio, mnong'ono, kisha kimya. Alirudia mara chache tu. Alipomaliza aliona haya, akidhani amezidisha, na aliondoka na paundi 30, malipo ya siku ya Jumapili, akiamini haitatumika. Alikuja kujua kwamba imetumika alipoiona albamu dukani yenye jina lake. Mwaka 2004 alidai mahakamani sehemu ya utunzi, wakaafikiana mwaka uliofuata, na tangu hapo jina lake limeandikwa pamoja na la Wright. Ni haki yake kabisa. Sala na hotuba zilizokuwa zimezunguka nchi kadhaa zikaondolewa, na mwanamke mmoja akasema yote bila neno.

Albamu ilitoka Marekani tarehe 1 Machi 1973, na Uingereza mwezi huohuo. Tarehe 28 Aprili ilishika namba moja kwenye orodha ya Billboard kwa wiki moja tu. Lakini ilidumu humo: kati ya 1973 na 1988 ilikaa kwenye orodha hiyo jumla ya wiki 736. Nakala zilizouzwa duniani zinakadiriwa kupita milioni 45. Santuri ya magendo ya Rainbow haikuizuia. Naamini hata iliisaidia, kwa kuwa waliokuwa na ile mbichi walikuwa wa kwanza kutaka kusikia iliyoiva.

Wanabendi hawakuliona jambo hilo kwa jicho langu, na siwezi kuwalaumu. Walijaribu tena njia ileile mwaka 1974. Majira ya joto, Ufaransa, walianza kupiga nyimbo mbili mpya: Shine On You Crazy Diamond, wa kumkumbuka Barrett, na Raving and Drooling. Ziara ya Uingereza ilipoanza Novemba, Edinburgh, ukaongezwa wa tatu, You Gotta Be Crazy, wenye maneno mengi hata Gilmour akapata taabu kuyaingiza yote kwenye pumzi moja. Safari hii magendo yalikuja kwa kishindo. Onyesho la mji wa Stoke lilitoka kama santuri iitwayo British Winter Tour '74, imechapwa vizuri, na maneno ya nyimbo ndani yake, na watu wakainunua tena wakidhani ndiyo albamu iliyofuata. Juu ya hayo, mhakiki Nick Kent wa gazeti la New Musical Express alikwenda kuwasikiliza Wembley, akaandika makala ya kuwachana bila huruma.

Hapo unaona gharama yake. Wimbo mbichi ukipigwa hadharani, hukumu inatolewa juu yake kana kwamba umeiva, na mwizi anaweza kuugandisha katika sura yake mbaya. Mwaka 1975, wakirekodi Wish You Were Here, Waters alitaka nyimbo mbili kati ya zile tatu ziachwe na Shine On igawanywe iwe mwanzo na mwisho wa albamu. Gilmour alipinga. Waters akashinda. Zile mbili zikakaa mpaka 1977, zilipotoka kwenye Animals kwa majina ya Sheep na Dogs, maneno yamebadilika, ukali umeongezeka.

Baada ya hapo mlango ulifungwa. The Wall ilitolewa tarehe 30 Novemba 1979, na mtu wa kwanza kuisikia jukwaani alingoja mpaka Februari 1980, Los Angeles. Ilipigwa katika miji minne tu, na ukuta wenyewe ukijengwa tofali kwa tofali kati ya bendi na watu. Kazi ile ni kubwa na naipenda. Lakini haikupitia midomoni mwa ukumbi hata mara moja kabla ya kurekodiwa, na kila ninapoisikiliza nahisi ni kazi ya mtu aliyekaa peke yake na kuamua kila kitu.

Wapo waliouendeleza mtindo ule wa 1972. Radiohead walizunguka mwaka 2006 wakipiga nyimbo ambazo zilitoka Oktoba 2007 kwenye In Rainbows, huku mashabiki wakibadilishana rekodi kwenye intaneti usiku uleule. Mmoja wa nyimbo hizo, Nude, walikuwa wakiupiga tangu miaka ya 1990. Na True Love Waits, ulioanza kusikika jukwaani mwaka 1995, ulipata rekodi yake ya studio mwaka 2016. Sasa kila kiti ukumbini kina kinasa sauti na kamera, na msanii anayetaka kujaribu wimbo mpya anajua kwamba kabla hajashuka jukwaani umeshafika Nairobi na Tokyo. Ndiyo maana wengi hawajaribu. Naona ni hasara, kwa wao na kwa sisi tunaosikiliza.

Desemba 2022, bila matangazo yoyote, rekodi kadhaa za maonyesho ya Pink Floyd ya mwaka 1972 zilitokea kwenye huduma za muziki za intaneti, safari hii zikitolewa na wenyewe. Ilikuwa mwisho wa miaka 50, na sheria za Ulaya zinaondoa ulinzi wa hakimiliki kwa rekodi inayofikisha umri huo bila kutolewa. Sauti si nzuri. Mahali pengine unasikia watu wakikohoa. Ukizipata, usianze na Money. Nenda moja kwa moja kwenye The Mortality Sequence, pale Wright anapopiga kinanda chini ya sala, na mahali pa sauti ya Clare Torry bado ni patupu.